Kisukari: Usiugue peke yako

 

Katika safu yetu ya afya na usafi leo tutazungumzia maradhi ya kisukari. Mafundisho mengi juu ya maradhi haya humwelekea mgonjwa peke yake: usile hiki, meza kile, usikose kliniki. Leo tunataka kusema na nyumba nzima, kwa sababu mgonjwa wa kisukari ni vigumu kuyamudu maradhi yake akiwa peke yake. Anayepika, anayelala naye chumba kimoja, anayemkaribisha chai na anayeswali naye safu moja, kila mmoja ana sehemu yake katika afya ya mtu huyu.

UKUBWA WA TATIZO

Zamani kisukari kilihesabiwa kuwa ni maradhi ya matajiri wa mjini. Utafiti uliofanyika katika vijiji vya Tanzania na kuchapishwa mwaka 1989 ulikuta kiasi cha mtu mzima 1 kati ya 100 ana kisukari. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliopima watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, ulikuta wapatao 9 kati ya 100. Tafiti hizi hazikufanywa kwa namna moja, hata hivyo tofauti iliyopo yatosha kutuzindua. Duniani kote, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kuwa mwaka 2024 walikuwapo watu wazima milioni 589 wenye kisukari, na zaidi ya 4 katika kila 10 hawakuwa wakijijua.

Hivyo basi, hapa Songea usidhani jambo hili ni la mtaa wa pili. Iwe unaishi Majengo, Lizaboni, Bombambili au Mfaranyaki, ukiwa na ukoo wenye watu wazima kumi au ishirini, yaelekea kisukari kimo ndani yake, kijulikane au kisijulikane.

KISUKARI NI NINI?

Chakula tunachokula, hasa cha wanga kama ugali, wali, mihogo na viazi, hugeuzwa tumboni kuwa sukari na kuingia katika damu. Ili sukari hiyo itoke katika damu na kuingia mwilini ikatupe nguvu, inahitajika insulini, ambayo hutengenezwa na kongosho. Insulini ni kama ufunguo wa mlango. Ufunguo ukikosekana kabisa, hiyo ndiyo aina ya kwanza, ambayo huwapata zaidi watoto na vijana, na tiba yake ni sindano za insulini maisha yote. Ufunguo ukiwapo lakini kitasa ni kigumu, hiyo ni aina ya pili, inayowapata zaidi watu wazima, hasa wenye unene wa tumbo, wasioshughulisha mwili, na wenye wazazi au ndugu waliougua. Ipo pia ile inayojitokeza wakati wa ujauzito.

Dalili zake ni kiu isiyokwisha, kukojoa mara nyingi hasa usiku, kupungua uzito, uchovu, kuona ukungu, vidonda visivyopona upesi na fangasi za mara kwa mara sehemu za siri. Lakini wengi wa aina ya pili hukaa miaka bila dalili yoyote. Dawa ya hilo ni kupima. Sukari ikipimwa asubuhi kabla ya kula chochote na ikawa 7 au zaidi, kwa kipimo cha milimoli kinachotumika katika hospitali zetu, kipimo hurudiwa ili kuthibitisha, na kikirudi vile vile huo ni ugonjwa wa kisukari.

KWA NINI WATU HUFICHA?

Ndugu msomaji, wapo watu wengi wanaojua kuwa wana kisukari na wakakaa nacho kimya. Mmoja anakonda, anaogopa majirani watasema ana ukimwi. Mwingine ni kijana anayetarajia kuoa, au binti anayetarajiwa kuposwa. Mwingine ni baba ambaye nguvu zake za tendo la ndoa zimepungua, akanunua mizizi sokoni kwa siri badala ya kumwambia mke wake na daktari. Tatizo hili la mwisho ni miongoni mwa madhara yanayojulikana ya kisukari, lina tiba, na halipunguzi utu wala uume wa mtu. Mke akilijua, hutoa udhuru. Asipolijua, hudhani amechukiwa, na ndoa huingia dosari bila sababu.

Siri hii ina gharama. Anayeficha hunywa chai ya sukari kila anapokaribishwa, kwa kuwa hataki kueleza. Huruka vidonge akiwa safarini ili asionekane. Hufunga Ramadhani hata mwili ukimkataa. Na siku akianguka njiani, hakuna aliye karibu anayejua la kufanya. Hatusemi mtu atangaze maradhi yake juu ya mimbari. Tunasema awepo mwenza wa ndoa anayejua, wawepo watoto wakubwa wanaojua, na awepo jirani au rafiki mmoja nje ya nyumba anayejua.

CHUNGU KIMOJA KWA NYUMBA NZIMA

Kosa linalofanywa na nyumba nyingi ni kumpikia mgonjwa chakula chake pembeni. Bibi anawekewa sahani ya peke yake kama aliyeadhibiwa, huku wajukuu wanakula wali wa mafuta mengi mbele ya macho yake. Baada ya wiki mbili atachoka, na hana lawama. Chakula kimfaacho mwenye kisukari kinamfaa kila mtu, na watoto wa mgonjwa ndio wanaokihitaji zaidi kwa kuwa wao wako katika hatari ya kuurithi.

Mkoa wetu wa Ruvuma hauna uhaba wa chakula bora. Igawe sahani hivi: nusu yake iwe mboga kama majani ya maboga, mchicha, kabichi, bamia au mlenda. Robo iwe maharage, mbaazi, dagaa au samaki wa Ziwa Nyasa, au nyama isiyo na mafuta. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali, na kwa wengi kipande chenye ukubwa wa ngumi yako kinatosha. Ugali wa dona ni bora kuliko wa sembe iliyokobolewa. Mihogo, magimbi na viazi ni wanga vile vile, hivyo visiongezwe juu ya ugali kana kwamba ni mboga. Matunda yaliwe kwa kiasi, tunda zima badala ya juisi.

Neno moja kuhusu asali na tende. Kuwa asali ina shifaa ni jambo lililotajwa katika Qur'an (Suratun-Nahl, aya ya 69), nasi tunaamini. Lakini asali hupandisha sukari katika damu, na tende pia. Kitu kuwa na kheri hakumaanishi kuwa kinamfaa kila mgonjwa kwa kiasi chochote. Vivyo hivyo habbat sauda, mlonge na dawa nyingine za asili: anayezitumia amwambie daktari wake, na asiache vidonge au sindano kwa ajili yake. Wapo waliopoteza miguu na hata uhai kwa kuacha insulini baada ya kuahidiwa kuwa "watapona kabisa".

Na wewe mwenyeji katika maulidi, khitma, akika au arusi, weka birika moja la chai isiyo na sukari na mtungi wa maji. Mgeni akikataa soda, mwambie "haya ndugu yangu, maji haya hapa," na yaishe. Kumng'ang'aniza mtu huku ukisema "onja kidogo tu, leo ni sherehe" ni ukarimu unaodhuru.

SUKARI IKISHUKA: USIKIMBILIE KUSEMA NI JINI

Hapa ndipo uhai wa mtu unapoweza kuwa mikononi mwa aliye jirani naye. Mgonjwa anayetumia insulini, au vidonge kama glibenklamidi, anaweza kushukiwa na sukari ikiwa amechelewa kula, amefanya kazi nzito shambani, au amezidisha dawa. Metformini peke yake ni nadra kuleta hali hii. Mtu hutetemeka, hutoka jasho jingi la baridi, moyo humwenda mbio, husikia njaa kali, kisha huanza kusema maneno yasiyoeleweka, kukasirika bila sababu au kupepesuka. Wasiojua humwita mlevi. Wengine husema amepandwa na jini, wakamzunguka kumsomea kwa saa nzima huku ubongo wake unakosa sukari.

Kumsomea mgonjwa ni jambo jema, lakini hapa tanguliza sukari. Fanya hivi:

1. Kama yu macho na anaweza kumeza, mpe vijiko 3 vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji, au nusu glasi ya soda yenye sukari.

2. Subiri dakika 15. Kama mnayo mashine, pimeni. Ikiwa bado chini ya 4, au hajapata nafuu, mrudie kumpa.

3. Akizinduka, mpe chakula kama ndizi, mkate au ugali kidogo, ili sukari isishuke tena.

4. Kama amepoteza fahamu, usimtie kitu chochote mdomoni, kwa sababu atapaliwa. Mlaze kwa ubavu na mkimbize hospitali mara moja.

Mambo haya ayajue mke, mume, watoto, mwalimu wa shule na ustadhi wa madrasa. Mtoto mwenye kisukari aina ya kwanza anayesinzia darasani au kukosea herufi alizozijua jana asipigwe bakora kabla hajapimwa. Na kila mgonjwa anayetumia dawa hizo atembee na sukari au pipi mfukoni.

Kinyume chake, sukari ikipanda sana mgonjwa huwa na kiu kali, hukojoa mno, hutapika, huumwa tumbo, hupumua kwa nguvu na kwa kina, na pumzi yake huweza kutoa harufu kama ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Huyo naye ni wa hospitali siku hiyo hiyo.

MIGUU, UDHU NA BARIDI YA SONGEA

Kisukari cha muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, na miguu hufa ganzi. Mtu hukanyaga mwiba au msumari asisikie, kidonda huoza ndani ya kiatu, na mwisho wake huwa kukatwa mguu. Muislamu amepewa neema kubwa hapa, kwa kuwa huosha miguu yake katika udhu mara kadhaa kwa siku. Igeuze nafasi hiyo kuwa ukaguzi. Angalau mara moja kwa siku, penye mwanga, tazama unyayo, kisigino na kila nafasi kati ya vidole. Ile sunna ya kupitisha kidole kati ya vidole vya miguu ina faida ya ziada kwako, kwani utagundua mpasuko au fangasi mapema. Ukimaliza, kausha kati ya vidole kwa kitambaa safi. Mafuta paka kwenye kisigino na unyayo, usipake kati ya vidole. Asiyeweza kuinama au asiyeona vizuri asaidiwe na mke, mume au mjukuu. Ni dakika mbili tu, na ni katika kuwatendea wema wazazi.

Mji wetu uko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa Juni na Julai baridi yake tunaijua. Wazee huota moto na kusogeza miguu kwenye jiko la mkaa. Mwenye ganzi huungua bila kusikia. Avae soksi zisizobana, akae mbali na jiko, na maji ya kuogea au ya udhu yapimwe kwanza na mtu mwingine au kwa kiwiko. Shambani avae viatu vilivyofunika mguu, na kabla ya kuvivaa atie mkono ndani kutafuta jiwe au mwiba. Msikitini avae kandambili kutoka bombani hadi mlangoni. Funza wasitolewe kwa pini ya nyumbani, aende zahanati.

Mwenye kidonda ambaye daktari amemkataza maji amuulize shekhe wake. Sheria ina ruhusa ya kupangusa juu ya bandeji na ya kutayamamu.

DAWA, SINDANO NA FEDHA YA KUNUNULIA

Wapo Waislamu waliokuwa wakiogopa insulini kwa kusikia kuwa inatokana na nguruwe. Ni kweli kuwa tangu ilipogunduliwa huko Toronto, Kanada, mwaka 1921, kwa miaka mingi ilitolewa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe. Lakini kuanzia mwaka 1982 ilianza kuuzwa insulini ya kibinadamu inayotengenezwa kwa kutumia bakteria au hamira, na hiyo ndiyo inayotumika kwa wingi leo. Hofu hiyo isimnyime mtu tiba.

Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kwenye jokofu, lakini isigande. Ikiganda haifai tena. Nyumba isiyo na jokofu inaweza kuweka chupa katika mfuko wa nailoni usiopitisha maji, ndani ya mtungi mdogo wa udongo uliowekwa katika mtungi mkubwa wenye mchanga unaoloweshwa maji, mahali penye kivuli na upepo. Iliyokwisha kufunguliwa kwa kawaida hutumika kwa muda wa wiki 4, mbali na jua na jiko.

Usafi hapa ni jambo la lazima. Sindano na kile kisindano cha kutobolea kidole havichangiwi hata kati ya mume na mke, kwani huweza kuambukiza homa ya ini na virusi vya ukimwi. Sindano zilizotumika ziwekwe katika chupa ngumu yenye kifuniko, mbali na watoto, kisha zirudishwe hospitali.

Fedha nayo ipangwe. Wengi wetu ni wakulima. Mfuko hujaa baada ya kuuza mahindi, kahawa kule Mbinga au korosho kule Tunduru, kisha miezi ya mvua hukauka, na hapo ndipo mgonjwa hukatisha dawa. Familia ikae wakati wa mavuno, ihesabu dawa na nauli za mwaka, iitenge fedha hiyo kabla ya kununua bati au pikipiki, na iulizie bima ya afya.

RAMADHANI

Imepokewa na Abu Daud kuwa maswahaba walikuwa safarini, mmoja wao akapasuliwa kichwa kwa jiwe, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hana, maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipopata habari aliwakemea vikali, akaeleza kuwa asiyejua tiba yake ni kuuliza, na kwamba tayamamu ingemtosha.

Tujitazame katika kisa hiki. Ni mara ngapi tumemwambia mgonjwa "mbona fulani ana sukari na anafunga"? Ruhusa ya mgonjwa kutofunga imo katika Suratul-Baqara, aya za 184 na 185. Wapo wenye kisukari wanaoweza kufunga kwa salama, na wapo ambao kufunga kunawahatarisha, kama wengi wanaotumia insulini mara nyingi kwa siku, wenye figo zilizoathirika, na wajawazito wenye kisukari. Wa kupambanua ni daktari, na aonwe wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi kuandama ili apange upya dawa na saa zake. Usizipange mwenyewe.

Anayefunga apime sukari mchana. Wanazuoni wengi wamesema kutoboa kidole hakufunguzi. Ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6, au akijisikia vibaya, afungue papo hapo. Daku asiiache, na aichelewesha. Futari iwe ya tende moja hadi tatu na maji, kisha chakula cha kawaida. Uji wa sukari, kalimati na viazi vya nazi kwa pamoja ni mzigo mkubwa kwa mwili. Aliyekatazwa kabisa na hatarajii kupona atalisha maskini kwa kila siku. Nyumba imfiche asione haya, imwandalie chakula chake cha mchana kwa heshima kama inavyomwandalia daku aliyefunga.

MSIKITI NA MAJIRANI

Mtume (s.a.w.) amewafananisha waumini na mwili mmoja, kiungo kimoja kikiugua mwili wote hukesha na kupata homa. Tuliweke hili katika vitendo. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hapa Songea ipo, na Peramiho si mbali. Nchini kipo Chama cha Kisukari Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1985, ambacho kimekuwa kikielimisha wagonjwa na kusaidia kliniki. Lakini mgonjwa huonana na daktari kwa dakika chache tu, labda mara moja kwa mwezi. Siku zilizobaki yuko nasi.

Watu watano wenye kisukari katika msikiti mmoja wanatosha kuanza. Wakutane mara moja kwa mwezi baada ya Alasiri, na kina mama wapate kikao chao baada ya darsa. Wachange kununua mashine moja ya kupimia, ifutwe vizuri kila inapotumika, na kila mtu awe na kisindano chake. Wakumbushane siku za kliniki, na atakayekosa afuatwe nyumbani. Aliyezoea sindano miaka kumi amfundishe aliyeanza jana, kwa sababu maneno ya aliyepitia huingia moyoni kuliko karatasi ya maelekezo. Wasiobadilishana ni dawa: kidonge cha mwenzako hukijui kipimo chake kwako. Waumini wenye uwezo wakumbuke kuwa fukara aliyeshindwa kununua dawa ni miongoni mwa wanaostahiki zaka na sadaka. Na tarehe 14 Novemba, Siku ya Kisukari Duniani, imamu anaweza kuomba hospitali itume wataalamu waje kupima watu baada ya swala.

Ndugu msomaji, wiki hii fanya mambo matatu. Kama una kisukari na hujamwambia mtu, chagua mtu mmoja umwambie. Kama huna habari na hali yako, na hasa ukiwa umevuka miaka 40 au una mzazi mwenye maradhi haya, nenda kapime. Na kama nyumbani kwako au mtaani kwako yupo mgonjwa, mwulize swali moja: "Nikusaidie wapi?" Kisha msikilize. Kumtembelea mgonjwa ni haki yake juu yako, na mgonjwa wa kisukari anahitaji kutembelewa hata siku anazoonekana mzima.

Mwenyezi Mungu awape afueni wagonjwa wetu na atujaalie kuwa wenye kusaidiana katika wema. Wabillahi tawfiiq.